Miadi ya Jobcentre na Pombe: Yanayoruhusiwa na Yanayokugharimu

Je, ni kosa kunywa pombe kabla ya kwenda kwenye miadi ya Jobcentre, yaani ofisi ya ajira ya serikali ya Uingereza? Ni swali ambalo watu huona haya kuliuliza. Anayeuliza huogopa kuitwa mlevi, na anayeulizwa mara nyingi humpa mwenzake nasaha badala ya maelezo. Makala haya yanatoa maelezo. Yameandikwa kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza na kupokea posho ya serikali wakati wakitafuta kazi, wawe wametoka Tanga, Mombasa, Bukavu au Bujumbura.

Jibu fupi ni hili. Hakuna sheria inayomkataza mpokea posho kunywa pombe, iwe jana usiku au leo asubuhi, na hakuna anayekupima pumzi mlangoni. Sheria inakudai mambo mawili: ufike, na ushiriki. Pombe ikikuzuia moja kati ya hayo, fedha zako ziko hatarini. Kwa anayekunywa kwa starehe, ushauri ni mwepesi: asubiri miadi iishe. Kwa yule ambaye mwili wake umezoea pombe kila siku, ushauri ni tofauti kabisa, kwa sababu kuacha ghafla kwa ajili ya miadi kunaweza kumletea degedege. Tutawatazama wote wawili.

Miadi yenyewe ni ya nini

Posho iitwayo Universal Credit ilitungiwa sheria mwaka 2012 na ikaanza kulipwa mwaka 2013, ikichukua nafasi ya posho sita za zamani. Kando yake ipo New Style Jobseeker's Allowance, ambayo hutegemea michango ya bima ya taifa uliyokatwa kazini katika miaka ya karibuni. Zote mbili husimamiwa na Wizara ya Kazi na Pensheni, DWP, kupitia ofisi za Jobcentre Plus. Ireland ya Kaskazini ina wizara yake na ofisi zake. Mwenye visa inayosema hana haki ya fedha za umma asiombe Universal Credit kabla ya kupata ushauri wa kisheria. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi anaweza kuomba.

Ukishaomba, unakaa na mshauri wa kazi na kukubaliana naye hati ya ahadi, ambayo kwenye barua zao utaiona ikiitwa Claimant Commitment. Humo yameandikwa mambo utakayofanya ili upate kazi, saa utakazotumia kuitafuta, ambazo zinaweza kufika 35 kwa wiki, na wajibu wa kuja kwenye miadi unapoitwa. Miadi ya kawaida ni mifupi, mara nyingi dakika 10 hivi. Unaulizwa umeomba kazi zipi, umejibiwa nini, umekwama wapi, kisha mnapanga hatua inayofuata. Kwa kuwa muda ni mchache, mtu aliyechangamka kwa pombe anaweza kuzimaliza dakika zote 10 kwa maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na mshauri asipate hata jambo moja la kuandika.

Sheria inasema nini kuhusu pombe

Sheria ya posho haimtaki mtu awe hajaonja pombe. Haimpangii pia anunue nini kwa fedha yake. Mwaka 2015 serikali ya Uingereza iliagiza mapitio kuhusu uraibu na ajira, na kulikuwa na mjadala mkali kama waraibu wanyimwe posho wakikataa tiba. Mapitio hayo, yaliyoongozwa na Dame Carol Black na kuchapishwa Desemba 2016, hayakupendekeza kumlazimisha mtu atibiwe ndipo alipwe. Kwa hiyo mnywaji ana haki ya posho sawa na asiyekunywa, na masharti yao ni yaleyale.

Sharti kubwa ni kuhudhuria na kushiriki. Kushiriki ni kujibu maswali, kueleza ulichofanya na kuelewa unachoambiwa. Mtu aliyefika akiwa amelewa chakari, akasinzia kitini au akagombana na kila anayemsemesha, anaweza kuandikwa kwamba hakushiriki, na asiyeshiriki anaweza kukatwa posho sawa na asiyefika.

Harufu peke yake si kosa. Mtu aliyekunywa glasi moja ya mvinyo kwenye chakula cha mchana, akafika kwa wakati na akajibu vizuri, hajavunja sharti lolote. Hata hivyo, mshauri naye ana pua. Mtafuta kazi wa kawaida anatakiwa awe tayari kuanza kazi au kwenda kwenye usaili mara nafasi inapopatikana. Ukinuka pombe saa nne asubuhi, na wiki ijayo tena, ni haki yake kujiuliza kama utayari huo upo. Huenda pia akasita kukupendekeza kwa mwajiri anayemfahamu, na hasara ya namna hiyo hutaiona kwenye barua yoyote.

Nje ya Jobcentre zipo sheria nyingine. Uingereza na Wales, kuonekana umelewa hadharani ni kosa kwa sheria ya mwaka 1872 ambayo bado inatumika, na kulewa huku ukifanya fujo kunaweza kukutoza faini hadi pauni 1,000. Halmashauri nyingi zimetenga maeneo ambamo askari akikuambia uache kunywa au umkabidhi kopo lako, kukataa ni kosa. Ndani ya mabasi na treni za chini ya ardhi za London, kunywa pombe kumepigwa marufuku tangu Juni 2008. Kopo la bia la kuondoa woga njiani linaweza kukuletea matata kabla hujaufikia mlango wa Jobcentre.

Ukiendesha gari, hesabu inakuwa kali zaidi. Kiwango cha juu kwa dereva katika Uingereza, Wales na Ireland ya Kaskazini ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Uskoti iliteremsha chake hadi miligramu 50 tangu Desemba 2014. Ukikutwa umezidisha unafungiwa leseni, na kwa mtu anayetafuta kazi ya udereva, kupoteza leseni ni kupoteza kazi ambazo hata hajaziomba.

Pombe ya jana inaweza kuwa ya leo

Wengi wanaofika kwenye miadi wakinuka pombe hawakunywa asubuhi. Walikunywa usiku, wakalala, wakaoga, wakadhani yamekwisha. Ini halina haraka hiyo.

Uingereza hupima pombe kwa yuniti. Yuniti moja ni mililita 10 za pombe halisi. Painti moja ya bia ya asilimia 5 ina karibu yuniti 3. Chupa ya mvinyo ya asilimia 13.5 ina yuniti 10. Kipimo kimoja cha mililita 25 cha pombe kali ya asilimia 40, iwe wiski au konyagi, ni yuniti moja, lakini vipimo vya kujimiminia nyumbani huwa vikubwa zaidi ya hapo. Kwa wastani mwili huondoa yuniti moja kwa saa, na wengine huenda polepole zaidi kutegemea uzito, jinsia, afya ya ini na kama mtu amekula.

Chukua mfano wa mtu aliyeanza kunywa saa mbili usiku kwenye sherehe ya harusi, akamaliza painti sita za bia ya asilimia 5. Hizo ni yuniti 17. Kwa mwendo wa yuniti moja kwa saa, mwili wake utamaliza kazi karibu saa saba mchana wa siku ya pili. Miadi yake ikiwa saa nne asubuhi, atakuwa na pombe mwilini ingawa amelala, amepiga mswaki na amevaa shati safi. Kahawa haiharakishi ini. Supu ya pweza haiharakishi, maji baridi hayaharakishi, na kutapika asubuhi hakutoi pombe ambayo imeshaingia kwenye damu. Pipi za mnanaa hufunika harufu ya mdomoni tu, na harufu inayotoka mapafuni huendelea.

Kuzimua asubuhi, yaani kunywa kidogo ili kutuliza hangova, huongeza mzigo juu ya mzigo. Kichwa kinapoa kwa muda, kisha saa za kusubiri zinaanza kuhesabiwa upya. Njia ya uhakika ni kuhesabu kinyumenyume: angalia saa ya miadi, toa saa moja kwa kila yuniti unayotarajia kunywa, ongeza saa mbili au tatu za tahadhari, na uamue mapema usiku kama meza hiyo inakufaa. Miadi ya asubuhi na sherehe ya usiku wake haviendi pamoja, labda kama utakuwa unakunywa soda.

Ukifika ukiwa umelewa

Ofisi za Jobcentre zina walinzi, na mlinzi ndiye mtu wa kwanza utakayeonana naye. Anaweza kukuzuia au kukuomba utoke akiona hali yako inahatarisha wengine. Ukipita kwake, mshauri anaweza kusitisha mazungumzo na kukupangia siku nyingine. Akiona bado unaweza kuzungumza, anaweza kuendelea.

Kinachowaharibia watu zaidi ni ugomvi. Matusi, vitisho au kupiga meza huandikwa kwenye kumbukumbu zako. Ofisi inaweza kukuzuia usiingie tena na kukutaka ushughulikiwe kwa simu au maandishi, na polisi wanaweza kuitwa. Mtu aliyekuwa na tatizo la dakika 10 anatoka akiwa na tatizo la mwaka mzima.

Ukiambiwa uondoke, fanya mambo matatu. Kwanza, ondoka kwa utulivu, hata kama unaamini umeonewa, kwa maana hoja yako itasikilizwa vizuri zaidi kesho. Pili, kama unaweza, uliza miadi mpya ni lini na kama umeandikwa kuwa hukuhudhuria. Tatu, pombe ikiisha kichwani, andika siku hiyohiyo kwenye ukurasa wako wa Universal Credit mtandaoni kilichotokea: ulifika saa ngapi, ulizungumza na nani, uliambiwa nini.

Jihadhari pia na kukubali hati mpya ya ahadi ukiwa umelewa. Ukiikubali, utawajibika nayo. Ukigundua baadaye kwamba umekubali kutafuta kazi za usiku wakati una mtoto mdogo nyumbani, omba mara moja ipitiwe upya.

Umeshakunywa na saa inakaribia

Tuseme yamekwisha kutokea. Hofu ya aibu humfanya mtu azime simu na kujifunika blanketi. Huo ndio uamuzi wa gharama kubwa kuliko yote. Fuata utaratibu huu.

1. Jipime kwa ukweli. Je, unaweza kutembea bila kuyumba, kueleza kazi ulizoomba wiki hii, na kukumbuka kesho utakachoambiwa leo? Ukiwa na mtu nyumbani, muulize yeye, kwa kuwa mnywaji huwa hakimu mbaya wa hali yake.

2. Ukiona unaweza, nenda. Kula, kunywa maji, piga mswaki, badilisha nguo, na uondoke mapema kwa basi, treni au miguu. Usiguse gari. Ongea kidogo, jibu unachoulizwa, na uandike hatua mlizokubaliana. Unaweza kwenda na ndugu au rafiki.

3. Ukiona huwezi, toa taarifa kabla ya saa ya miadi. Andika kwenye ukurasa wako wa mtandaoni, kwa sababu maandishi hubaki na tarehe na saa. Unaweza pia kupiga simu ya bure ya Universal Credit, 0800 328 5644. Omba siku nyingine, au uulize kama mnaweza kuzungumza kwa simu kesho yake.

4. Usidanganye. Sema kwamba hali yako hairuhusu ushiriki ipasavyo na unaomba kubadilishiwa. Ukiulizwa sababu, sema kweli. Usimzike bibi ambaye yuko hai Tandahimba. Leo utaaminiwa, lakini mwezi ujao ukifiwa kweli utakuwa umeshatumia msiba wako. Zaidi ya hayo, kutoa habari za uongo kwa makusudi ili kulinda posho kunaweza kuwa kosa la jinai.

5. Jitokeze haraka iwezekanavyo baada ya hapo. Kila siku unayochelewa ina bei yake, kama tutakavyoona.

Ni kweli kwamba kulewa kwa starehe hakuhesabiki kirahisi kuwa sababu ya msingi ya kukosa miadi. Kutoa taarifa hakukuhakikishii msamaha. Lakini kunaonyesha kwamba unauchukulia wajibu wako kwa uzito, na kunampa mshauri nafasi ya kupanga siku nyingine badala ya kupeleka jina lako mbele.

Miadi ya simu ina mtego wake. Kwa kuwa hakuna atakayekunusa, mtu hujipa ruhusa ya kuonja. Masharti ni yaleyale: upokee simu na ushiriki. Ulimi mzito husikika kwenye simu, na simu iliyoita bila kupokelewa inaweza kuhesabiwa kuwa miadi uliyoikosa.

Bei ya kukosa miadi

Mshauri wako hakukati posho mwenyewe. Hupeleka suala kwa afisa mwamuzi, nawe unapewa nafasi ya kueleza kwa nini hukufika au hukushiriki. Maelezo yako yakikosa uzito, unakatwa.

Kwa mtafuta kazi wa kawaida wa Universal Credit, kukosa miadi huleta adhabu ya ngazi ya chini. Unakatwa kuanzia siku uliyokosa hadi utakapotimiza ulichotakiwa, kisha zinaongezwa siku 7. Ukirudia kosa la ngazi hiyo ndani ya mwaka, siku za nyongeza zinakuwa 14, na mara ya tatu ni 28. Kwa mwenye miaka 18 au zaidi, kinachokatwa ni posho yote ya msingi ya siku hizo. Sehemu ya kodi ya nyumba na ya watoto haiguswi na adhabu hii.

Kwa mtu mmoja asiye na mwenzi, mwenye miaka 25 au zaidi, posho ya msingi katika mwaka wa fedha wa 2025/26 ilikuwa pauni 400.14 kwa mwezi, na makato yake yalikuwa pauni 13.10 kwa siku. Kwa kiwango hicho, aliyekosa miadi Jumatatu kwa sababu ya pombe, akajificha, akaja kujitokeza Jumatatu iliyofuata, angekatwa siku 14, yaani pauni 183.40. Angejitokeza kesho yake angekatwa siku 8, yaani pauni 104.80. Tofauti ya karibu pauni 79 inatokana na kujificha peke yake.

Zipo adhabu nzito kuliko hizo. Aliyefukuzwa kazi kwa utovu wa nidhamu, ikiwemo kufika kazini akiwa amelewa, au aliyekataa kazi bila sababu ya msingi, anaweza kukatwa siku 91 mara ya kwanza na siku 182 akirudia ndani ya mwaka. Kwa hiyo ukipelekwa na Jobcentre kwenye usaili au siku ya kwanza ya kazi, pombe ya jana ina hatari kubwa kuliko kwenye miadi ya kawaida.

Ukikatwa na huna chakula wala joto nyumbani, unaweza kuomba malipo ya dhiki. Hulipwa kwa takriban asilimia 60 ya kinachokatwa, na baadaye hurudishwa kwa makato, kwa hiyo ni mkopo. Utatakiwa uonyeshe kwamba umepunguza matumizi yasiyo ya lazima, na pombe na sigara haziwezi kuitwa za lazima.

Kama hukubaliani na uamuzi, omba upitiwe upya ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Ukishindwa hapo, una mwezi mmoja mwingine wa kukata rufaa kwenye baraza huru la rufaa. Hakuna ada. Shirika la Citizens Advice na vituo vya sheria vya mitaa husaidia bure. Mweleze msaidizi wako kila kitu, pamoja na habari za pombe, kwa sababu jambo linalofichwa kwa wakili huibuka mbele ya hakimu.

Kwa anayekunywa kwa sababu mwili unadai

Hadi hapa tumesema na mtu anayeweza kuchagua. Wapo wasioweza. Mtu akiamka mikono inatetemeka, anatoka jasho, tumbo linamkataa, na vyote vinatulia baada ya glasi moja, huyo haongozwi na starehe. Mwili wake umekuwa tegemezi.

Kwa mtu huyo, kukata pombe ghafla ili afike msafi kwenye miadi ni hatari. Dalili za kuacha pombe ghafla huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho, na katika siku mbili tatu zinazofuata zinaweza kufikia degedege, kuona vitu visivyopo na kuchanganyikiwa. Watu hufa kwa hali hiyo. Akipata degedege au akianza kuchanganyikiwa, pigeni simu ya dharura, 999. Kupunguza au kuacha kunafanywa chini ya uangalizi wa daktari, mara nyingi kwa dawa za kutuliza mfumo wa fahamu na vitamini B1.

Je, aende kwenye miadi akiwa amekunywa kiasi cha kuzuia kutetemeka? Kama anaweza kuzungumza na kuelewa, aende, kisha amwambie mshauri wazi kwamba ana tatizo la pombe na anahitaji msaada. Aombe kuzungumzia mahali pa faragha. Akumbuke kwamba kinachoandikwa kwenye ukurasa wa mtandaoni kinaweza kusomwa na maafisa wengine wanaoshughulikia faili lake, kwa hiyo aandike yanayotosha tu.

Kusema kuna faida ambayo wengi hawaijui. Kanuni za Universal Credit za mwaka 2013 zinasema kwamba mtu anayehudhuria tiba rasmi ya kujinasua na pombe au dawa za kulevya anaweza kuondolewa wajibu wa kutafuta kazi na wa kuwa tayari kwa kazi kwa muda wa hadi miezi 6. Anaweza kuendelea kuitwa kwa mazungumzo, lakini hadaiwi saa 35 za kutafuta kazi huku akiwa kwenye tiba. Lazima tiba iwe imeanza na aweze kuithibitisha, hivyo barua kutoka kituoni ni muhimu. Mshauri hawezi kumpa nafuu hiyo kama hajaambiwa.

Tiba hiyo ni bure. Kila eneo lina kituo cha huduma za pombe na dawa za kulevya, na vingi humpokea mtu anayejileta mwenyewe bila barua ya daktari. Daktari wa familia, yaani GP, naye anaweza kukuelekeza, na kama huwezi kufanya kazi anaweza kukuandikia cheti utakachokiwasilisha DWP. Kwa anayetaka kujipima kwanza, lipo dodoso la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT. Lilitengenezwa kwa utafiti wa nchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo, kwa hiyo halikubuniwa kwa ajili ya wanywaji wa Ulaya peke yao. Alama 8 na kuendelea ni onyo, na alama 20 na kuendelea zinaashiria huenda umefikia utegemezi.

Kuna mipaka miwili ya kujua. Kwanza, chini ya Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, uraibu wa pombe wenyewe hauhesabiwi kuwa ulemavu. Lakini ugonjwa uliosababishwa nao, kama vile ugonjwa wa ini au sonona, unaweza kuhesabiwa, na hapo unaweza kuomba marekebisho ya miadi yako. Pili, mwenye leseni ya udereva aliye na tatizo la pombe anatakiwa kuiarifu mamlaka ya leseni, DVLA. Usisubiri ajali ndiyo ikuarifie.

Unaonekana umelewa, kumbe unaumwa

Yapo maradhi yanayofanana na ulevi. Mwenye kisukari, sukari yake ikishuka sana, huyumba, hutoka jasho na kusema ovyo. Ikipanda kupita kiasi, pumzi inaweza kutoa harufu ya matunda ambayo mgeni huidhania pombe. Kifafa, kiharusi, na dawa zinazoleta usingizi huweza kumfanya mtu aonekane ametoka baa. Kama una hali ya namna hiyo, iandike kwenye ukurasa wako kabla hujaulizwa, na utembee na kadi au karatasi ya dawa zako. Mtu akianza ghafla kulegea uso au mkono na ulimi ukawa mzito, hiyo si ya kujadili na mlinzi: ni 999.

Lugha nayo huponza. Mtu anayejibu kwa Kiingereza cha kuungaunga, akikwepa macho ya mkubwa kwa adabu za kwao, anaweza kudhaniwa ana jambo analoficha. Una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Omba mapema, na usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo ya pombe na fedha.

Uamuzi

Kunywa kabla ya miadi hakukatazwi, lakini hakukufai. Kama unaweza kujizuia, acha kunywa mapema usiku wa kuamkia miadi na uweke bia yako baada ya Jobcentre. Kama umeshakunywa, usijifiche: nenda ukiweza, toa taarifa usipoweza, na ujitokeze siku inayofuata. Na kama mkono unatetemeka kila asubuhi, usiache peke yako kwa siri. Mwambie daktari, kisha mwambie mshauri wako, uombe ile miezi 6. Imewekwa kwa ajili ya watu kama wewe.